Mtunzi Aliyenyamaza



Ukifungua Injili ya Mathayo, sura ya 5, mstari wa 38 na wa 39, utaona jinsi Bwana Yesu anavyoiweka kando desturi ya kulipiza jicho kwa jicho, na kuwaagiza wanafunzi wake wasishindane na mtu mwovu. Sisi tumeyazoea maneno haya. Huko Tallinn, mji mkuu wa Estonia, yalimletea mtu mashaka.

Mtu huyo ni Arvo Pärt, mtunzi wa muziki wa okestra na kwaya, aliyezaliwa mwaka 1935. Nyumbani kwao kulikuwa na piano ambayo sauti zake za katikati zilikuwa zimeharibika, basi mtoto akajifunza kuchezea zile za juu kabisa na za chini kabisa. Alipokua alifanya kazi redioni, akinasa sauti, kwa muda wa miaka kama kumi. Estonia wakati huo ilikuwa chini ya Umoja wa Kisovieti, na serikali haikutaka habari za dini zitajwe hadharani.

Mwaka 1968 Pärt alitoa kazi iitwayo Credo, yaani "Naamini". Ndani yake kwaya inamkiri Yesu Kristo wazi kwa Kilatini, kisha inaimba yale maneno ya Mathayo 5. Inapofika kwenye kisasi, muziki wote unavurugika mpaka unakuwa kelele tupu. Baada ya hapo kinarudi kipande kitulivu cha piano kilichotungwa na J. S. Bach zaidi ya miaka 200 kabla. Wakubwa walielewa vizuri sana, pengine kuliko baadhi ya Wakristo wangalielewa. Kazi hiyo ikapigwa marufuku.

Angeweza kutunga nyimbo za kuwapendeza, akasamehewa. Wengi walifanya hivyo, wala si juu yetu kuwahukumu, maana hatukulala na njaa yao. Pärt alinyamaza. Kwa karibu miaka minane, ukiondoa simfonia yake ya tatu ya mwaka 1971 na muziki wa filamu uliompatia mkate, hakutoa karibu kitu chochote. Lakini hakukaa bure. Alichunguza nyimbo za kale za watawa, zile zenye sauti moja tu. Alisoma zaburi, akafunga kitabu, kisha akaandika mfululizo wa noti kwa jinsi zaburi ile ilivyobaki moyoni mwake. Alijaza madaftari kwa madaftari. Mwaka 1972 akajiunga na Kanisa la Orthodoksi. Siku moja, nje ya nyumba yake, alimwuliza mfagiaji wa barabara mtunzi afanyeje kazi yake, naye akamjibu kwamba inampasa kuipenda kila sauti, moja moja. Pärt mwenyewe amesimulia habari hiyo mara nyingi, na anasema hakuwahi kupata jibu kama lile kwa mtu aliyesoma.

Nabii Eliya alipokuwa Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto kabla ya sauti ile ndogo. Nasi tunaofungua vipaza sauti mpaka mwisho kila Jumapili tungefaa kuisoma tena 1 Wafalme 19.

Mwaka 1976 Pärt alitoa kipande kifupi cha piano, Für Alina, cha kurasa mbili tu. Mtindo wake mpya aliupa jina linalotokana na neno la Kilatini la kengele ndogo. Wanakwaya wanaosoma solfa watanielewa upesi. Ziko sauti mbili. Ya kwanza hutembea hatua kwa hatua, ikipanda na kushuka. Ya pili haitoki kamwe katika noti tatu, tuseme la, do na mi. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba ile inayotangatanga ni kama dhambi zake, na ile nyingine ni msamaha unaoandamana nazo. Mkewe, Nora, akaweka hesabu yake: moja na moja ni moja.

Januari 1980 familia hiyo iliondoka kwao, na mpakani, katika stesheni ya Brest, mizigo yao ikapekuliwa. Askari walikuta kanda na sahani za muziki. Wakazipiga palepale, wakasikiliza kazi zake, na kwa maelezo yake ikawa kama ibada takatifu. Wakapita, wakaenda Vienna, na mwaka 1981 Berlin. Estonia ilipata uhuru wake tena mwaka 1991, naye akarudi kuishi huko mwaka 2010 hivi. Madaftari yale ya miaka ya kimya yamehifadhiwa Laulasmaa, katikati ya misonobari, katika jumba lililofunguliwa mwaka 2018.

Kati ya kazi zake zote, inayotuhusu zaidi katika Kwaresima ni Passio, ya mwaka 1982. Ni mateso ya Bwana kama yalivyo katika Yohana 18 na 19, nayo huchukua dakika 70 hivi. Utaniuliza, Mchungaji, Kilatini kitatufaa nini? Fungua Biblia yako ya Kiswahili magotini, ufuate. Pilato anaimba kwa sauti ya juu. Bwana Yesu anaimba kwa sauti nzito, polepole kuliko wote, kila neno likipewa nafasi yake. Hakuna kilio cha kuigiza, hata misumari haipigwi ngoma. Kwa saa nzima muziki unabaki katika huzuni ileile, mpaka Bwana ainamishe kichwa. Ndipo kwaya yote inaingia na sala fupi ya kuomba rehema kwake aliyeteswa kwa ajili yetu, na kwa mara ya kwanza sauti zinageuka kuwa za furaha, zinapanda, zinapanda, hata Amina.