Alama ya STOP Nyekundu Mwaka 1948? Hapo Fundi Kachemka! Historia Iliyojificha Kwenye Mabango ya Treni za Mezani

Marekani kuna watu wazima kabisa, wana kazi na familia zao, lakini ikifika jioni wanashuka chumba cha chini ya nyumba kwenda kuendesha treni. Sio treni ya kweli. Ni treni ndogo inayozunguka juu ya meza, na pembeni yake kuna mji mzima: stesheni, maduka, mashamba, mpaka mbwa amelala barabarani. Skeli inayopendwa sana inaitwa HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87. Yaani mtu mzima anabaki na urefu wa sentimita 2 hivi.

Sasa kumbe kinachowatoa jasho wengi wao sio treni. Ni mabango!

BANGO LINATAJA MWAKA

Wengi wanapenda kujenga miaka ya 1950, kwa sababu ndio kipindi ambacho injini za mvuke na za dizeli zilikuwa zinapishana kwenye reli moja. Ukishachagua mwaka wako, kila kibao lazima kiufuate. Ukikosea kimoja tu, wajuzi wanakuona.

Chukua alama ya STOP. Leo kila mtu anajua ni nyekundu. Lakini Marekani alama hiyo kwa kawaida ilikuwa ya njano yenye maandishi meusi, mpaka mwaka 1954 ulipotoka utaratibu wa kuifanya nyekundu. Kwa hiyo ukijenga mji wa mwaka 1948 ukaweka STOP nyekundu, umechemka.

Namba za posta nazo ni mtego. Zile tarakimu tano zinazoandikwa baada ya jina la jimbo zilianza mwaka 1963. Bango la duka la mwaka 1950 lenye anwani ya namna hiyo ni uongo mtupu. Tai wa bluu aliyebandikwa kwenye madirisha ya maduka ni wa wakati wa hali ngumu ya uchumi, 1933 mpaka 1935. Bango la kuhimiza raia kununua hati za vita ni la miaka ya Vita Kuu ya Pili. Ukiweka yote mawili kwenye mtaa mmoja yakiwa mapya yanang'aa, umechanganya madawa.

Halafu kuna Burma-Shave, krimu ya kunyolea ndevu. Kuanzia mwaka 1925 kampuni hiyo ilipanga vibao vidogo kandokando ya barabara, mara nyingi sita kwa mstari, kila kimoja na maneno machache. Dereva akivipita vyote anakuwa amesoma shairi zima la kuchekesha, na kibao cha mwisho kina jina la bidhaa. Ilikuwa noma! Mwaka 1963 vikaanza kuondolewa. Magari yalikuwa yameongeza mwendo, barabara zimekuwa pana, na nani tena ana muda wa kusoma vibao sita?

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1965. Mke wa rais wa wakati huo alichukia barabara zilizojaa mabango na makaburi ya magari mabovu, akasimama kidete mpaka ikapita sheria ya kupendezesha barabara kuu. Ndio maana mji wa mezani wa mwaka 1955 unaruhusiwa kuwa na msitu wa mabango kando ya barabara, ila wa mwaka 1975 lazima mwenye nao ajiulize mara mbili.

MBWA WA UKUTANI

Nani alichora mabango yote hayo? Hapa ndipo penye utamu.

Kabla ya mashine za kuchapa matangazo makubwa, kulikuwa na mafundi waliokuwa wananing'inia ukutani kwa kamba na ubao, jua likiwaka, mkononi brashi. Mtaani waliitwa mbwa wa ukutani. Fundi alichora kwanza kwenye karatasi kubwa, akatoboa vitundu vidogo kufuata mistari, akaibandika ukutani na kuipiga kwa mfuko wa unga wa mkaa au chaki. Akiitoa karatasi, michoro imebaki kama nukta. Kazi iliyobaki ni kuunganisha na kujaza rangi.

Tangazo la kwanza la Coca-Cola kuchorwa kwenye ukuta wa nje lipo mji wa Cartersville, Georgia, ubavuni mwa duka la dawa. Ni la mwaka 1894, na mpaka leo lipo.

Kampuni ya tumbaku ya kutafuna ya Mail Pouch, kutoka West Virginia, ilikwenda vijijini kabisa. Ilimwambia mkulima: tupe ubavu wa ghala lako unaotazama barabara, sisi tunakupakia rangi na kukupa hela kidogo. Ghala likapakwa jeusi, herufi nyeupe na njano. Mkulima akafurahi, maana mbao zake hazitaoza haraka. Ukifikiria, ni dili lilelile la Mangi wa kona ambaye duka lake limepakwa rangi za kampuni ya simu bila kutoa hata mia.

Fundi mmoja wa Ohio alianza kazi hiyo mwaka 1946, akiwa ndio kwanza ametoka jeshini, na aliifanya kwa zaidi ya miaka 40. Inakadiriwa alipaka au kurudishia rangi maghala karibu 20,000. Huyo walau jina lake lilihifadhiwa. Mamia ya wenzake waliobaki hakuna anayewajua. Herufi zao zipo, wao hawapo.

JINSI WANAVYOYATENGENEZA

Mtengenezaji makini anaanza na picha. Maktaba ya Bunge la Marekani ina maelfu ya picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali miaka ya 1930 na 1940, na nyingi zinaonekana bure mtandaoni. Kwenye picha hizo unaona sio tangazo tu, bali na jinsi lilivyochakaa.

Kisha anapiga hesabu. Bango la kawaida la barabarani la enzi hizo, lililobandikwa kwa vipande vya karatasi, lilikuwa na upana wa karibu mita 6 na kimo cha mita 2.6. Gawa kwa 87, unapata kama sentimita 7 kwa 3. Anachapa kwenye karatasi nyepesi, rangi akizipunguza makali, kwa sababu jua la miaka kumi halimwachi mtu. Nyuma ya karatasi anapitisha msasa mpaka iwe laini kama ganda la kitunguu, anapaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, anaikandamiza ukutani mpaka mistari ya matofali ijitokeze. Ikikauka, anasugua na unga wa chaki. Kwa mabango ya bati anagusa rangi ya kahawia kwenye matundu ya misumari, inakuwa kutu.

BANGO AMBALO WENGI HAWALIBANDIKI

Sasa njoo kwenye jambo zito.

Mtu anajenga stesheni ya Alabama au Mississippi ya mwaka 1950. Injini iko sawa, STOP ni ya njano, Coca-Cola iko ukutani. Mlangoni je? Kwenye stesheni za kule kulikuwa na vyumba viwili vya kusubiri, kimoja cha weupe na kimoja cha weusi, na vibao vikisema hivyo waziwazi. Kesi iliyohalalisha ubaguzi huo, mwaka 1896, ilianzia ndani ya behewa la treni. Vibao hivyo viliamriwa vitoke kwa abiria wa kuvuka majimbo kuanzia Januari 1956, miji mingine ikakaidi, mpaka amri nyingine ikaanza kutumika Novemba 1961 baada ya vijana kupigwa na kufungwa wakidai haki ya kusafiri.

Msomaji wa Nairobi hatashangaa. Reli ya kikoloni ilikuwa na madaraja yaliyofuata rangi: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu.

Wapo wanaosema treni za mezani ni burudani, watoto wanakuja kuangalia, kwa nini kuwaharibia siku? Hoja hiyo ina uzito. Kibao kile hata kikiwa cha nusu sentimita bado kinauma, na mtu mweusi anayekuja kutazama hajaomba kukumbushwa. Lakini mtu aliyekesha akihakikisha rangi ya STOP ni sahihi, halafu akafuta mlango wa pili wa stesheni, hajajenga mwaka 1950. Amejenga mwaka anaotamani ungekuwepo. Na abiria waliokaa nyuma ya mlango ule wanafutwa mara ya pili, kama yule fundi wa ukutani asiye na jina.

Wengine wamepata njia ya kati: wanajenga milango miwili, madirisha mawili ya tiketi, bila maandishi. Anayejua ataelewa. Mtoto akiuliza kwa nini iko miwili, atajibiwa.

Wewe ungekuwa fundi ungefanyaje: ungekibandika, ungekiacha, au ungejenga milango miwili ukanyamaza? Tiririka hapo chini.