Alama Kifuani: Ni Nani Aliyeivisha?

Ndugu msomaji, mtazame mtoto aliyevishwa leo beji ya ukiranja shuleni. Kila baada ya muda mfupi anaigusa ahakikishe kuwa ingali mahali pake, na njiani anapita katikati, si pembeni kama jana. Kile kipande cha bati hakifikii bei ya kikombe cha kahawa, lakini kimekwisha kumbadilisha mwendo. Usimcheke. Watu wazima, tena wakubwa wa dola, wamefanyiwa hivyo hivyo na alama zao, na tarehe ya Uislamu ina mengi ya kutueleza juu ya jambo hili.

Tuanze na pete. Mtume (s.a.w.) alipokusudia kuwaandikia wafalme wa nje kuwalingania dini, aliambiwa kuwa watu wale hawaikubali barua isiyopigwa muhuri. Ndipo ikatengenezwa pete ya fedha, ikachorwa maneno matatu, kila neno katika mstari wake: Muhammad, Rasuli, Allah. Akakataza mtu mwingine asichore pete yake kwa maneno hayo. Basi tazama, alama ile ilikuja kwa sababu ya kazi. Baada yake ilivaliwa na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman (r.a.), mpaka ilipomponyoka Uthman ikaanguka katika kisima cha Aris, Madina. Walitafuta siku tatu, maji yakachotwa, wala haikuonekana tena.

Na katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, wapokezi wa sira wanatueleza habari za Abu Dujana. Alikuwa na kitambaa chekundu. Akikifunga kichwani, watu hujua kuwa sasa atapigana kweli kweli. Siku ile alikabidhiwa upanga na Mtume mwenyewe, akafunga kitambaa chake, akawa anatembea kwa maringo baina ya safu. Mtume akasema kuwa mwendo ule Mwenyezi Mungu anauchukia, isipokuwa mahali kama pale. Ruhusa ile ilikuwa ya uwanja wa vita tu. Sokoni na barazani haikufika.

Lakini waliozishughulikia alama kuliko wote ni Wamamluki, waliotawala Misri na Sham tangu 1250 hata 1517. Watu hawa asili yao ni watumwa. Walinunuliwa wangali vijana, wengi kutoka nyika za Wakipchaki kaskazini ya Bahari Nyeusi, wakafunzwa dini, farasi na upanga, kisha wakaachwa huru na kupewa kazi katika nyumba ya sultani. Aliyepanda hata akawa amiri alikuwa na alama yake, nayo ilichukuliwa katika kazi aliyoifanya: mnyweshaji alichora kikombe, mshika silaha upanga, mwandishi kidau na kalamu, mtunza nguo kitambaa, na mwonja chakula meza ya duara. Wakaiita alama hiyo rank, na asili yake ni neno la Kiajemi lile lile lililotupa sisi Waswahili neno rangi.

Alama hizo zingaliko mpaka leo juu ya milango ya misikiti na madrasa za Kairo, na juu ya taa za kioo na masinia ya shaba yaliyotawanyika katika majumba ya makumbusho ya dunia. Nami kila nikizitafakari nastaajabu. Hebu fikiri: mtu ana majeshi na mashamba, anajenga msikiti wa mawe, na juu ya mlango anaamrisha kichorwe kikombe, kutangaza kwamba yeye aliwahi kusimama nyuma ya mtu mwingine akimmiminia kinywaji! Wangapi kati yetu, tuliopata cheo, tungependa wageni wetu wajue kuwa tuliwahi kuosha vyombo?

Ni kweli kwamba si wote waliopita njia hiyo. Sultani Baybars (1260–1277), ambaye inapokewa kuwa alipouzwa Dameski kwa dirhamu 800 mnunuzi alimrudisha kwa sababu ya doa katika jicho lake, yeye alijichagulia simba, na simba wake wangali juu ya daraja alilolijenga karibu na Ludd mwaka 1273. Na katika karne ya 15 mambo yalichujuka. Ngao moja ikawa inabeba kikombe, kidau, kitambaa na vinginevyo pamoja, na maamiri wa sultani mmoja wakawa wanachora ngao moja ile ile. Alama haikueleza tena mtu alifanya kazi gani. Ilieleza yu mtu wa nani.

Sasa tuseme la kutuaibisha. Mwaka 235 Hijria (850), Khalifa al-Mutawakkil aliwaamrisha Wakristo na Mayahudi wavae nguo za rangi ya asali ili wajulikane njiani. Huyo alikuwa khalifa wa Waislamu, na hatuna haja ya kumtafutia udhuru.

Yaliyowafika wao kwa mkono wetu yaliwafika watu wetu kwa mkono wa wengine. Katika Kenya, chini ya sheria iliyopitishwa 1915 na kuanza kutumika baada ya vita kuu, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za kazi na mshahara wake, ndani ya kikopo cha bati alichokitungika shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi, mtu hawezi kwenda kutafuta kazi kwingine. Harry Thuku na wenzake walikipinga tangu 1921. Alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi. Kipande hakikuondolewa mpaka 1947. Na miaka hiyo wako waungwana wa Mombasa ambao shauri lao kubwa lilikuwa kwamba wao wahesabiwe pamoja na Waarabu, wasihesabiwe miongoni mwa waliovishwa kikopo. Kama kikopo chenyewe ni haki au dhuluma, hilo halikuwashughulisha sana.

Unguja kulikuwa na alama nyingine, nayo ilijulikana kwa kutokuwepo. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya mabwana. Kichwa kitupu ndicho kilichokuwa kikopo chake. Amri ya kuondoa utumwa ilipotolewa mwaka 1897, wengi walijishonea kanzu na kuvaa kofia, na wanawake wakajifunika buibui, ambalo mama zao hawakupata kulivaa. Walikwenda nazo msikitini, kwenye maulidi na barazani. Wako waliokunja nyuso kuwaona. Wao walikaa, wakavua viatu mlangoni kama watu wengine, na kofia wakabaki nazo kichwani.