Mchoro wa Asubuhi ya Coventry

Kila Novemba, jiji la Coventry, Uingereza, huwakumbuka watu zaidi ya 500 waliouawa usiku wa tarehe 14 mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipolishambulia tangu jioni hadi alfajiri. Mwaka 2025 tukio hilo lilitimiza miaka 85. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, lililoteketea usiku ule, hutajwa kila mara. Aliyelichora asubuhi yake hapewi heshima anayostahili.

Kanisa lenyewe ni la zama za kati, ingawa lilipata hadhi ya kanisa kuu mwaka 1918 tu. Usiku ule lililindwa na watu wanne: kasisi mkuu Richard Howard, mwashi Jock Forbes na vijana wawili. Mabomu ya moto yalipoangukia paa, waliyafunika kwa mchanga na kuyatupa nje, mpaka mchanga ukaisha. Zimamoto walipofika, maji nayo yakakatika. Mihimili ya chuma iliyowekwa karne ya 19 ili kuimarisha paa ikajikunja kwa joto na kuangusha nguzo za mawe. Mnara na kuta za nje vikabaki vimesimama.

Asubuhi akafika John Piper, mwenye umri wa miaka 36, ametumwa na kamati ya serikali ya wasanii wa vita. Alikuta watu wakifukua maiti kwenye vifusi. Aliona haya kuchora mbele yao. Ndipo akaona, mkabala na kanisa, kibao cha ofisi ya wakili. Baba yake alikuwa wakili, na yeye mwenyewe alifanya kazi katika ofisi ya baba kabla ya kuiacha sheria na kushika sanaa. Mahali pa namna ile hapakumtisha. Akaingia, akamkuta karani wa kike akipiga taipu. Akamweleza kwamba ametumwa kulichora kanisa. Karani akasogeza kiti chake kumpisha dirishani, na pale Piper akauchora upande wa mashariki wa kanisa, madirisha yakiwa matupu.

Kazi ya siku ile ilizaa picha mbili za rangi. Katika ile iliyoko Manchester, mawe yana wekundu na rangi ya machungwa, kana kwamba ukiyagusa utaungua. Nathubutu kusema hakuna picha ya kamera ya Coventry inayotia joto hilo.

Mwaka 1951 Basil Spence alishinda shindano la kusanifu kanisa jipya, akitaka magofu yabaki kando yake. Mwaka 1954 halmashauri ya jiji ilimwomba waziri David Eccles azuie kibali cha ujenzi, akakataa. Kanisa likawekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962, na Piper akawa amerudi: yeye ndiye aliyebuni dirisha kubwa la mahali pa ubatizo, lenye vioo 195, vilivyotengenezwa na Patrick Reyntiens.

Mwaka 2011 nyufa zilionekana kwenye magofu, na shirika la World Monuments Fund likayaingiza katika orodha yake ya 2012. Fedha za ukarabati zitafutwe, naam. Lakini picha ya pili ya Piper, ile ya ndani ya kanisa, imo katika jumba la sanaa la Herbert, hatua chache tu kutoka hapo. Waongoza wageni wangewapitisha kwanza huko, kisha ndipo wawapeleke kwenye kuta.