Michembe Kando ya Njia ya Misafara

Wengi wanaijua Kipalapala kwa seminari. Mimi naitazama kwa mashamba yake, kando ya Tabora, mji uliokuzwa na misafara. Burton na Speke walipofika Kazeh, Novemba 1857, walikuta soko lenye njaa ya kila siku, maana wapagazi lazima wale. Nafaka za Unyanyembe zililisha waendao Ujiji na warudio pwani.

Darasani tunafundishwa kilimo na lishe kana kwamba mkulima hajawahi kuliwaza jambo hilo. Lakini Wanyamwezi walikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, na matobolwa, yaliyochemshwa kwanza. Majani ya kunde nayo yalikaushwa, yakaliwa kiangazi mboga zinapoadimika. Hiyo ni hesabu ya lishe, tena ya mwaka mzima. Wanawake ndio walioishika, kwa kuwa kiangazi wanaume wengi walibeba mizigo kwenda pwani. Baadhi ya kaya zilinunua watumwa wazibe pengo shambani. Wasifuo ujasiri wa wapagazi huruka ukurasa huo.

Leo zao la fedha mkoani Tabora ni tumbaku, inayodai kuni za kuikausha na mikono ileile ya kupalilia chakula. Kwamba jua hupunguza vitamini A katika viazi vya rangi ya chungwa, mtaalamu ana haki ya kulifundisha. Ila bibi mmoja wa Kipalapala, tukimenya viazi, aliniuliza: “Mjukuu wangu, na fedha za tumbaku hushika nani?”

Dodoso langu halikuwa na swali hilo. Nililiandika pembeni, kwa wino mwekundu.