Taslimu, Ahadi na Butura

Katika harambee ya kanisa au hospitali, Kayanga au Nkwenda mkoani Kagera, mshereheshaji hasomi jumla moja. Husoma mbili: taslimu, kisha ahadi. Makofi ni yaleyale, ila mweka hazina wa kamati anajua ni ipi itakayonunua mabati.

Kutafutia fedha vyuo vikuu, hospitali na sanaa ni taaluma kamili siku hizi, na watu huisomea. Kiswahili kimeipa majina kwa pupa. "Utunishaji wa mfuko" linavutia, lakini linaangalia mfuko tu na kumsahau anayetoa. "Mtafuta wafadhili" ndilo silipendi kabisa. Fadhila humweka mmoja juu na mwingine chini, na tangu lini aliyefadhiliwa akaomba kuona hesabu? Mfadhili akiondoka, kazi husimama: tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha.

Nachagua kuchanga, maana humo mna watu. Mtu huchanga, huchangia, huchangisha, na majirani huchangishana. Basi mwenye kazi hii ni mchangishaji. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilitanguliwa na miaka ya kuchangisha ndani na nje ya nchi. Waliozunguka na bakuli la michango walistahili jina la kazi yao.

Najua neno "mchango" limechakaa. Mzazi wa Karagwe, au wa Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, amewahi kudaiwa mchango wa madarasa, wa maabara, wa madawati, na mtendaji wa kijiji akiwa mlangoni na orodha. Huo ulikuwa ushuru uliovaa kanzu ya hiari. Kosa si la neno.

Linalonisumbua zaidi ni ahadi. Huku fedha za mkulima zinaning'inia kwenye mibuni. Mwalimu wa kwaya anayeandikisha laki moja mwezi Machi anaahidi robusta ambayo bado ni mbichi. Anayesimamia kitabu cha ahadi anapaswa kulijua hilo kuliko mgeni rasmi aliyetoka Dodoma. Na hapo ndipo neno la Kagera linapoingia: butura, yaani kuuza kahawa ingali shambani, kwa bei ya kutupa, kwa mlanguzi mwenye fedha mkononi. Serikali imeipiga marufuku miaka mingi, nayo haijafa, kwa sababu ada ya shule na kitanda cha hospitali havisubiri mavuno.

Sasa fikiria kamati inayomfuata mtu huyo mwezi Aprili: "Mzee, ahadi yako vipi?" Heshima yake imesomwa kwenye kipaza sauti mbele ya waumini wote. Atalipa. Atakwenda kwa mlanguzi, na wodi ya wazazi itapata saruji iliyotokana na butura. Kwenye risiti itaandikwa taslimu.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati za Karagwe na Kyerwa ni dogo: kwenye fomu ya ahadi, pale palipoandikwa "tarehe ya kulipa", andikeni "baada ya kuuza kahawa". Na atakayeajiriwa kuifuatilia, barua yake ya ajira imtaje kuwa mchangishaji.