TEKNOLOJIA: Kadi ya grafiki ya PC yaweza kuihuisha Mac kuukuu, lakini kwa masharti

MTU anayeshika mikononi kadi mbili za grafiki, moja iliyoundiwa kompyuta za kawaida za PC na nyingine iliyoundiwa Macintosh, aghalabu hataona tofauti yoyote baina yazo. Chipu ni ile ile, kumbukumbu ni ile ile, na hata ukingo unaochomekwa katika ubao mama huwa wa umbo moja. Hata hivyo, kadi ya PC ikipachikwa ndani ya Mac ya zamani, skrini hubaki giza totoro tangu kompyuta inapowashwa.

Kwa miaka mingi jambo hili limewasumbua wenye Mac zinazokubali kubadilishwa kadi. Kadi zenye nembo ya Mac zilikuwa chache, zilichelewa kufika madukani na ziliuzwa kwa bei ya juu kuliko ndugu zake wa PC. Ndipo mafundi na watumiaji wakabuni njia ya kuigeuza kadi ya PC ili izungumze lugha ya Mac. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, mashine zinazohusika na hatari zinazomkabili anayeijaribu.

Kiini cha tatizo

Kila kadi ya grafiki ina chipu ndogo ya kumbukumbu ya kudumu, yaani ROM, yenye maagizo ya kuiamsha kadi. Kompyuta inapowashwa, kabla mfumo endeshi haujasomwa kutoka kwenye diski, ubao mama huyasoma maagizo hayo na kuyatekeleza. Hapo ndipo picha ya kwanza inapojitokeza kwenye skrini.

Katika PC za wakati huo, maagizo hayo yaliandikwa kwa lugha ya prosesa za aina ya x86, na yalitekelezwa chini ya usimamizi wa BIOS. Mac kwa upande wake zilikuwa na prosesa za PowerPC tangu mwaka wa 1994. Kuanzia 1995, Apple ilipoanza kutumia nafasi za kadi za PCI, mashine zake zilisimamiwa na programu dhibiti iitwayo Open Firmware.

Open Firmware ilitokana na kazi ya kampuni ya Sun Microsystems na ikafanywa kuwa kiwango rasmi cha IEEE 1275 mwaka wa 1994. Lugha yake, FCode, ni tawi la lugha ya Forth, na ilikusudiwa ieleweke na prosesa ya aina yoyote. Kadi ya PC isiyokuwa na FCode ni kama mgeni asiyejua salamu za wenyeji: yumo nyumbani lakini hakuna anayemtambua. Ubao mama hauwezi kuitumia, na mfumo endeshi haupati taarifa unazohitaji ili kupakia kiendeshi chake.

Basi kuigeuza kadi si kubadilisha chipu yake kuu, bali ni kufuta maagizo ya PC yaliyo katika ROM na kuandika ya Mac mahali pake.

Kwa nini watu walihangaika

Haja hiyo haikuwa ya wapenda michezo pekee. Agosti 2002 Apple ilitoa toleo la Mac OS X 10.2, lililokuwa na uwezo uitwao Quartz Extreme. Uwezo huo uliihamishia kadi ya grafiki kazi ya kuchora madirisha na vivuli, na hivyo kuipunguzia prosesa mzigo. Ulihitaji kadi ya AGP yenye kumbukumbu ya megabaiti 16 au zaidi.

Aprili 2005 likafuata toleo la 10.4, lililoleta Core Image kwa ajili ya kuhariri picha kwa kasi. Uwezo huu nao ulidai kadi za kizazi kipya zaidi, mathalani Radeon 9500 ya ATI au GeForce FX ya NVIDIA na zilizozifuata. Mwenye Power Mac G4 ya mwaka wa 2000 alikuwa na mashine nzima isiyo na hitilafu, ila kadi yake ilikuwa imepitwa na wakati. Kubadilisha kadi kulikuwa nafuu kuliko kununua kompyuta nyingine.

Si kila kadi hugeuzika

Sharti la kwanza ni kwamba lazima iwepo kadi rasmi ya Mac yenye chipu ile ile. Maagizo ya ROM na viendeshi vya mfumo huandikiwa chipu maalumu. Iwapo Apple, ATI au NVIDIA haikuwahi kutoa kadi ya Mac yenye chipu fulani, basi hakuna ROM ya kunakili. Miongoni mwa zile zilizogeuzwa sana ni Radeon 7000, Radeon 9800 Pro, GeForce3 na GeForce4 Ti.

Hata hivyo, kufanana kwa jina hakutoshi. Kadi mbili zinazoitwa kwa jina moja zinaweza kutofautiana kwa kiasi na aina ya kumbukumbu, au kwa kasi ya chipu. ROM isiyolingana huweza kuleta picha zilizovurugika, au kuilazimisha kadi ifanye kazi kwa kasi isiyoimudu mpaka ipate joto kupita kiasi.

Sharti la pili ni ukubwa wa chipu ya ROM. Watengenezaji wengi wa kadi za PC walibana gharama kwa kuweka chipu ya kilobaiti 64, ilhali ROM nyingi za Mac zilihitaji kilobaiti 128. Hapa pana njia mbili. Ya kwanza ni kutumia ROM iliyopunguzwa, yaani ambayo wataalamu wameondoa sehemu zisizo za lazima ili iweze kuenea. Ya pili ni kuing'oa chipu ndogo na kulehemu kubwa mahali pake, kazi inayohitaji mkono uliozoea.

Hatua kwa hatua

Kazi yenyewe hufanywa kwa kompyuta ya PC au kwa Mac yenyewe. Wengi hupendelea PC kwa sababu kadi tayari inaelewana nayo. Hutayarishwa diski ya kuwashia kompyuta yenye mfumo wa DOS, ikiwa na programu ya kuandikia ROM: nvflash kwa kadi za NVIDIA, au atiflash kwa zile za ATI.

Hatua ya kwanza, ambayo haifai kurukwa, ni kuhifadhi nakala ya ROM asili. Nakala hiyo ndiyo njia ya kurudi nyumbani mambo yakienda mrama. Pili, fundi huhakikisha kwamba faili ya ROM ya Mac inalingana na chipu, kumbukumbu na ukubwa unaotakiwa. Tatu, hutoa amri ya kuandika na kusubiri hadi imalizike. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, kadi hubaki na maagizo nusunusu ambayo hayaeleweki kwa PC wala kwa Mac.

Kadi iliyofikwa na hali hiyo haijafa. Hupachikwa kadi nyingine ya PCI ili skrini iwake, kisha ile iliyoharibika huandikwa upya. Njia hiyo hiyo ya kadi mbili hutumiwa na wanaofanyia kazi ndani ya Mac.

Pini namba 3 na 11

Wapo waliofuata hatua zote hizo barabara lakini Mac ikakataa hata kuwaka. Katika Power Mac G4 nyingi zenye nafasi ya AGP, chanzo ni pini mbili. Kadi za AGP 8x hutumia pini namba 3 na 11 kutambulishana na ubao mama kuhusu kasi, ilhali katika G4 pini hizo zilipewa shughuli nyingine.

Tiba yake ni rahisi: pini hizo mbili hufunikwa kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme. Wengine hukata njia zake za shaba kwa kisu, lakini utepe ni bora kwa kuwa unaweza kubanduliwa. Power Mac G5 ya AGP, iliyotangazwa Juni 2003, haina haja ya hatua hii kwani nafasi yake ni ya 8x.

Ikumbukwe pia kwamba Apple ilitumia tundu lake maalumu la skrini, ADC, kati ya 2000 na 2004. Tundu hilo lilibeba picha, USB na umeme kwa waya mmoja. Kadi ya PC haina tundu hilo, kwa hivyo mwenye skrini ya ADC atahitaji kigeuzi chenye umeme wake.

Zama za Intel

Agosti 2006 Apple ilitoa Mac Pro yenye prosesa za Intel. Wengi walitaraji kwamba tatizo limekwisha, kwa kuwa sasa Mac na PC zilitumia prosesa za ukoo mmoja. Haikuwa hivyo. Open Firmware iliondoka, EFI ikashika nafasi yake, na kadi za PC za wakati huo bado zilikuwa za BIOS. Isitoshe, Mac Pro za 2006 na 2007 zilitumia EFI ya biti 32 ilhali za 2008 na kuendelea zilitumia ya biti 64, hivyo ROM iliyofaa mashine moja haikufaa nyingine daima.

Lakini hali ilikuwa na nafuu. Mifumo ya baadaye ilikuja na viendeshi vilivyoweza kuitambua kadi ya PC bila kuibadilisha ROM. Skrini hubaki giza mwanzoni, kisha huwaka mfumo unapopakia kiendeshi. Kinachopotea ni picha za mwanzo: mtumiaji hawezi kuchagua diski ya kuwashia wala kuona mahali pa kuandika nywila ya FileVault. Aliyetaka kuzipata aligeuza kadi kama Radeon HD 7950 au GeForce GTX 680, ambazo zilikuwa na matoleo rasmi ya Mac.

Suala la umeme nalo lisipuuzwe. Mac Pro za 2006 hadi 2012 hutoa wati 75 kupitia nafasi ya kadi na wati 75 kwa kila mojawapo ya matundu mawili madogo ya pini sita, jumla wati 225. Anayepachika kadi inayozidi hapo anaihatarisha mashine nzima.

Septemba 2018 mfumo wa Mojave uliwataka wenye Mac Pro za 2010 na 2012 wawe na kadi inayotumia Metal. Apple yenyewe iliorodhesha kadi za PC kama Sapphire Radeon PULSE RX 580 kuwa zinafaa. Upande wa NVIDIA, viendeshi vya kadi zake mpya havikutolewa kwa Mojave.

Mlango ulifungwa Apple ilipoanza kutumia prosesa zake yenyewe Novemba 2020. Mac Pro iliyotolewa Juni 2023 ilikuwa na nafasi za PCI Express, lakini haikukubali kadi za grafiki za ziada.

Kabla ya kuanza

Anayemiliki Power Mac au Mac Pro ya kale afahamu mambo matatu. Kwanza, programu iliyomo ndani ya ROM ni mali ya kampuni iliyoiandika, na ununuzi wa kadi ya PC haumpi mtu haki ya kusambaza nakala zake. Pili, mfumo wa mwisho wa PowerPC ni 10.5 wa Oktoba 2007. Kadi mpya haitaifanya mashine hiyo iwe salama kwa shughuli za benki katika intaneti. Tatu, atafute kadi ambayo yuko tayari kuipoteza.

Kwa mwenye kuhifadhi kazi za zamani za uchapishaji, muziki au video zinazofunguka katika mashine hizo pekee, kadi iliyogeuzwa vyema huweza kumpa miaka mingine ya kazi. Akumbuke tu kwamba nakala ya ROM asili huwekwa kando kwanza, ndipo amri ya kuandika itolewe.