Kuokoka na Nini?

Katika kituo cha daladala cha Mbagala Rangi Tatu, wilayani Temeke, saa kumi na mbili za asubuhi, wakati ambapo watu wa kwenda Kariakoo huwa wamekwisha kuacha kupanga foleni na kuanza kusukumana, nilimwona kijana mmoja mwenye Biblia kwapani na kipaza sauti kidogo kinachoning'inia shingoni akimwinamia bi kizee aliyeketi juu ya kigoda nyuma ya beseni lake la vitumbua, akamwamkia kwa adabu, na alipokwisha kuitikiwa marahaba akamwuliza lile swali ambalo katika vitongoji vyetu mtu huulizwa hata kabla hajaulizwa jina lake: "Mama, umeokoka?" Bi kizee hakufanya haraka. Alivuta kitambaa akafunika vitumbua vyake dhidi ya vumbi, akamtazama yule kijana kama amtazamaye mjukuu, akasema, "Niliokoka siku ya mabomu, mwanangu. Hiyo nyingine naingoja."

Waliosikia walicheka, na kijana mwenyewe akacheka nao. Mimi nikapanda basi langu, lakini jibu lile lilinifuata mpaka Mtoni kwa Aziz Ali na kupita. Siku ya mabomu, kwa mtu wa Mbagala, haihitaji maelezo: ni tarehe 29 Aprili 2009, siku ghala la silaha la jeshi liliporipuka, makombora yakaruka juu ya mapaa ya nyumba, watu wakakimbia wasijue waelekeako, wengine wakipotezana na watoto wao, na wengine hawakurudi. Bi kizee alikuwa ametumia kitenzi kile kile alichotumia mhubiri, kwa maana yake ya asili iliyo kamili, na kwa kufanya hivyo, pasi na kukusudia kumfundisha mtu yeyote sarufi wala ilimu ya dini, alikuwa amegusa kasoro iliyomo katika swali aliloulizwa.

Nataka basi kulitazama neno hili, kuokoka, ambalo ndilo nguzo ya mafundisho ya Wakristo juu ya mambo ya mwisho kama yanavyohubiriwa katika viwanja vya Biafra kule Kinondoni na vya Mwembe Yanga huku Temeke. La kwanza la kustaajabia ni kuwa neno lenyewe ni la Kibantu halisi. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na mmisionari Steere alipofanya kazi yake ya kutafsiri kule Unguja miaka ishirini na ushei baadaye, walikuta watu wa pwani wamekwisha kuwa na msamiati uliotimia wa dini, ambao Uislamu ulikuwa umeufikisha na kuukomaza kwa karne nyingi: imani, toba, rehema, dhambi, malaika, shetani, hukumu, kiyama. Wafasiri walichukua karibu yote, wakayatia katika Biblia ya Unguja ya mwaka 1891, na katika ile ya Mvita ya mwaka 1914, na hatimaye katika tafsiri ya muungano ya mwaka 1952 inayosomwa hata leo. Na Mjerumani Roehl, ambaye katika Biblia yake ya mwaka 1937 alijitahidi kuyapunguza yaliyotoka Kiarabu, hakufaulu kuwabandua wasomaji kutoka kwa lugha waliyokwisha kuizoea. Lakini kwa jambo lililo kiini cha Injili yenyewe hawakulazimika kuazima kitu. Kuokoa na kuokoka vilikuwapo, navyo vilitumiwa na wote. Mwislamu wa Tandika huomba hadi leo aokoke na moto wa Jahannamu, wala haoni kuwa ametamka neno la jirani.

Kiswahili kina tabia ya kumeza sauti l ikaayo baina ya irabu, na ndiyo maana kitenzi hiki kimefika kwetu kikiwa kimekonda. Kiganda kimezihifadhi zote: wao husema okulokola kwa kuokoa na okulokoka kwa kuokoka. Iliyopotea haijapotea kabisa, lakini, kwani ile l iliyomezwa katika okoa huchomoza tena kwa sura ya z katika mwokozi, kama vile komboa inavyozaa mkombozi; na mtu akilinganisha Mwokozi wetu na Omulokozi wa Waganda huona mara moja kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Kutoka huko Uganda ndiko lilikotujia lile neno jingine, mlokole, ambalo vijana wengi wa Dar es Salaam hulidhani kuwa ni la mitaani. Mwaka 1929, pale Namirembe, mlima wa Waanglikana mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na tabibu Mwingereza Joe Church walikutana wakasoma na kuomba pamoja, na uamsho uliotokana na kukutana kwao, pamoja na kazi ya Church huko Gahini katika Rwanda, ukaenea nchi zote za maziwa, ukaingia Bukoba kabla ya vita vya pili vya dunia, ukawafikia Walutheri na Waanglikana wa Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa Balokole, waliookoka, kwa kejeli kwanza na kwa heshima baadaye. Inafaa kukumbukwa kuwa wale wa mwanzo, aghalabu, hawakuyahama makanisa yao, bali walikaa humo humo wakiwasumbua mapadri na wachungaji kwa kuungama dhambi hadharani. Ilhali leo, ukimsikia mtu wa Manzese akisema "yule ni mlokole", ana maana ya kuwa yule husali katika kanisa la Kipentekoste, hanywi pombe, na ukimwalika kwenye ngoma atakushukuru asije.

Hapa ndipo tunapofikia sarufi, nami naomba subira ya msomaji. Kiambishi -ka mwishoni mwa kitenzi, katika kundi moja kubwa la maneno, hueleza hali iliyompata mtu au kitu bila kumtaja aliyeisababisha: kikombe kimevunjika, nguo imechanika, maji yamemwagika. Aliyevunja hatajwi. Kuokoka kwa asili ni neno la kundi hili, na nomino wokovu hushuhudia hivyo, kwa kuwa imezaliwa na okoka kama uchovu ulivyozaliwa na choka, yaani si tendo la mwenye kuokoa bali ni hali ya aliyekwisha kuopolewa. Lakini lipo kundi la pili lenye mwisho ule ule, nalo ni la vitendo ambavyo mtu huvifanya mwenyewe kwa nafsi yake: amka, inuka, ondoka, geuka, zinduka. Hakuna mtu mwenye akili timamu aambiaye kikombe "vunjika!", lakini kila siku twaambiana "ondoka!" Sasa sikiliza mahubiri ya jioni pale Mwembe Yanga, ambapo mhubiri, akiwa amelowa jasho, huwapazia wasikilizaji amri moja: "Okoka leo!" Kwa amri hiyo kitenzi kimehamishwa nyumba. Kimetolewa kwa ndugu zake vunjika na chanika kikapelekwa kwa ondoka na geuka. Kilichokuwa jambo lililompata mtu kimekuwa jambo analoliamua. Mabishano ya karne nyingi juu ya neema ya Mungu na hiari ya mwanadamu, ambayo huko Ulaya yamejaza maktaba, sisi tumeyafunga ndani ya silabi moja, na sidhani kama wengi wametambua.

Sisemi kuwa uhamisho huo ni haramu. Mlinzi wa gereza la Filipi, katika kitabu cha Matendo, naye aliuliza afanye nini apate kuokoka, na kuuliza "nifanye nini" ni kukiri kuwa liko la kufanya. Nasema tu kuwa Paulo, anapoliandika jambo hili kwa Waefeso na kwa Warumi, aghalabu hufasiriwa kwa kitenzi cha kutendwa, kuokolewa, ambamo mwenye kutenda hasahauliki; na mwenye kutaka kumtunza Mungu mahali pake katika sentensi angelitumia hilo mara nyingi zaidi kuliko tunavyolisikia.

Lililo mashuhuri zaidi katika mabishano ya vibarazani ni lile la wakati. Mlokole husema "nimeokoka". Mkatoliki aliyefundishwa katekisimu humjibu kuwa hakuna kuokoka duniani, na kuwa mtu hujua habari zake siku ya hukumu. Mkatoliki huyo ana mtaguso nyuma yake, kwani Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulikana kuwa mtu aweza kujua kwa yakini ya imani, pasipo kufunuliwa na Mungu, kuwa amekwisha kuipata neema. Na katikati ya kufa kwake na mbingu yeye huweka toharani, neno zuri lililojengwa juu ya tohara ile ile ya usafi. Mlokole naye ana maandiko. Agano Jipya, kwa hakika, lina nyakati zote: Warumi 8:24 hunena kwa wakati uliopita, Wakorintho wa kwanza 1:18 kwa wakati uliopo, Waefeso 2:8 kwa -me-, na Mathayo 24:13 huweka kuokoka kwenye wakati ujao, kwa mwenye kuvumilia hadi mwisho. Hata Walutheri na Wakatoliki, waliotengana kwa ajili ya jambo hili, walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Barazani kwetu tamko hilo halijafika.

Na -me- yetu, madhali tumeitaja, si wakati uliopita tu. Ukisema "ameketi" huna maana ya kuwa aliketi kisha akaenda zake, bali kuwa hali ya kukaa ingali naye sasa hivi, na aweza kuinuka. "Ameolewa" ni hivyo hivyo. Dada wa Yombo asemapo "mimi nimeokoka" aghalabu hasimulii tukio, bali ataja hali aliyo nayo, kama atajavyo ndoa yake, na hali huweza kutunzwa au kuvunjika. Kwa hiyo yeye na yule Mkatoliki wake hawako mbali kama wanavyozomeana.

Mimi naona kuwa wote wawili wamegombania wakati wakasahau kitu kingine kilichoanguka kutoka kwenye sentensi. Kuokoka, kwa Kiswahili cha asili, hufuatwa na hatari: kuokoka na moto, kuokoka na mafuriko, kama walivyookoka watu wa Bonde la Msimbazi mnamo Desemba 2011 ambao baadaye walihamishiwa Mabwepande. Na tena ile na hapa haina utata, ilhali katika kuokolewa ina utata wa kutisha, kwa maana mtu aweza kuokolewa na Mungu na aweza kuokolewa na moto, na ni mazingira tu yatakayokuambia yupi ni mwenye kuopoa na upi ni wenye kuunguza. Kitenzi kilikuwa na mahali palipotengenezwa vizuri pa kutaja hatari. Siku hizi mahali hapo ni patupu. "Umeokoka?" Basi. Na kwa kuwa pengo halikai bila kujazwa, kila mhubiri hulijaza kwa alichonacho: madeni, majini, mkosi wa kutoolewa, mwenye nyumba mkali.

Zamani lilijazwa na kiyama. Neno hili kwa Kiarabu latokana na kusimama, na ndilo wafasiri wa Biblia walilolitumia pale Masadukayo wanapokana kuwa wafu watainuka, ingawa kwingineko, kama katika Yohana na Ufunuo, kwa neno lile lile la Kiyunani waliandika ufufuo. Wao waliandika "kiyama ya wafu", kwa upatanisho wa neno la kigeni. Bali watu wa mitaani wameiona ki- ya mwanzo wakaifanya ni kiambishi cha kwetu, wakasema "kiyama kimefika", na pamoja na sarufi wakabadili na maana, kwa kuwa kwao kiyama si kusimama kwa wafu bali ni maangamizi, kishindo, kama cha ile Aprili ya Mbagala. Maana ya asili ilikuwa ya utulivu zaidi, nayo yaogofya zaidi: kila mtu, aliyezikwa Sinza na aliyezama baharini, amesimama kwa miguu yake, na amali zake zasomwa. Hata unyakuo, ambao wahubiri wetu huupenda mno, na ambao kwa abiria wa Rangi Tatu kwanza ni habari ya simu iliyonyakuliwa, hauna maana pasipo kusimama huko, kwani mtu hunyakuliwa kutoka mahali penye jambo.

Kwa hiyo nampa mtunga kamusi rai yangu: aiandike mlokole pamoja na asili yake ya Kiganda, wala asiitupe katika lugha ya mitaani, na kwenye okoka aonyeshe waziwazi kuwa kitenzi hiki hutaka na pamoja na jina la hatari. Wahubiri wa Biafra na Mwembe Yanga, ndugu zangu, ninyi nawasihi neno dogo zaidi. Mkimkuta bi kizee na beseni lake alfajiri, mkamwamkia, akaitika, mwulizeni swali zima, na nini yake ikiwamo, kisha mngojeni ajibu. Nusu ya jibu lake alikwisha kuitoa.